Magunia Yaliyofungwa Mapema

Isdori aliingiza mkono kwenye gunia la kumi na saba mpaka kiwiko kikazama, akatulia hivyo kidogo kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kulikuwa na joto humo ndani. Alitoa konzi ya punje, akazimimina kwenye ungo uliokuwa magotini pake, akaanza kuchambua: njema upande wa kulia, zenye kuvu upande wa kushoto. Upande wa kushoto ulijaa haraka zaidi.

"Hili nalo?" aliuliza Leonia, mpishi wa parokia, aliyekaa ng'ambo ya turubai, amejifunga khanga mbili kwa ajili ya upepo wa Agosti.

"Hili nalo."

"Basi tusiseme tunachambua, Baba Otilia. Tuseme tunazika polepole."

Isdori hakucheka. Yalikuwa magunia arobaini, mavuno ya shukrani ambayo waumini wa vigango vinane walileta kwa baiskeli, kwa mikokoteni, wengine kichwani. Ndiyo yangewalisha watoto wa chekechea ya parokia hadi mavuno mengine. Sasa ghala zima lilinuka pombe iliyochacha, na bibi afya alikwisha kuwaambia kwamba punje yenye kuvu asipewe mtoto wala kuku.

Isdori alikuwa msimamizi wa wafanyakazi wa parokia kwa mwaka wa kumi na moja. Chini yake walikuwa mpishi, mlinzi, dereva, msakristia na mtunza ghala. Shule aliishia darasa la saba. Uongozi alijifundisha mwenyewe, kwa semina za jimbo na vitabu alivyoazimwa na mapadri, akinakili kidogo kidogo kwenye daftari. Kila Jumatatu saa moja asubuhi wafanyakazi walikutana ofisini, wakasali, kisha akawaeleza jambo moja kuhusu kufanya kazi kikristo. Aliyekosea aitwe pembeni kwanza, muwe wawili tu. Mkubwa ainue mzigo kabla ya mdogo. Na moja alilitunga mwenyewe, akaliandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kulibandika juu ya meza yake: Kosa la agizo ni la aliyeagiza.

Tangu Jumamosi alikuwa anaingia ofisini bila kutazama ukuta huo.

Mambo yalianza mwezi Mei. Padri Calvin, paroko mpya, alimwuliza, "Mzee Isdori, Baba Askofu akija Juni kutoa kipaimara, atapenda kuona ghala. Litakuwa limejaa?"

"Litakuwa limejaa, Padri," alijibu. Alijibu kabla ya kumwuliza mtunza ghala.

Mvua zilichelewa kukatika mwaka huo. Mtunza ghala, Mboje, alimfuata na chupa ya soda iliyokuwa na mahindi na chumvi kavu. Aliitikisa mbele yake, akaiacha itulie. Chumvi ilibaki imeganda kwenye kioo.

"Hayajakauka, mzee. Yakiwa makavu chumvi inadondoka yote chini. Tuyaache juani wiki mbili."

"Baba Askofu hangoji wiki mbili."

"Tukiyafunga hivi yatachemka."

"Funga, Mboje. Nimeshasema."

Mboje alifunga. Askofu alikuja, akayaona magunia arobaini yamepangwa juu ya chaga za mbao, akampongeza paroko, na paroko akamwonyesha Isdori kwa kidole. Askofu akampa mkono, mkono laini. Isdori alikuwa bado anaukumbuka.

Na Jumamosi iliyopita kamati ya walei ilikaa kuhusu kuvu. Mwenyekiti, Felisian, aliuliza nani anatunza ghala. "Mboje," Isdori akajibu, na hilo lilikuwa kweli.

"Hawa ndugu zetu Wasukuma tuwaachie ng'ombe," alisema Felisian. "Mahindi ya Ufipa yanataka Mfipa." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kikao kilichochoka. Padri aligeuka. "Mzee Isdori, una la kuongeza?"

Isdori alitazama daftari lake. Mboje alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, akimtazama.

"Sina, Padri."

Mboje akainamisha macho. Barua ya kumwachisha kazi aliiandika Isdori mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri. Jumatatu hakufundisha, alisema ana mafua.

Sasa ilikuwa Jumatano, kama saa tisa alasiri, na Mboje alikuwa anaingia getini akikokota baiskeli.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Leonia. "Umekuja kutusaidia au kutucheka?"

"Nimeleta funguo." Aliziweka juu ya jiwe. Hakuondoka. Alichuchumaa, akachukua punje moja kutoka upande wa kulia wa ungo wa Isdori, akaiuma. Haikulia kama punje kavu. Akaihamishia upande wa kushoto bila kusema kitu. Kisha akaingia ghalani, wakamsikia akipita kati ya magunia, akigonga hili na lile kwa kiganja.

"La tatu kutoka dirishani litoeni leo," alisema aliporudi. "Linachemka. Litaambukiza mengine."

"Huyo ndiye asiyejua mahindi," Leonia alisema, akiupepeta ungo wake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mboje alisugua viganja vyake kwenye suruali. "Mzee, nina ombi. Kule Kasesya mpakani kuna mtu ana ghala la mazao, anatafuta mtunzaji. Anataka barua. Jumamosi ananisubiri."

"Nitakuandikia."

"Andika tu nimefanya kazi miaka sita. Hili la kuvu usiliweke, mzee. Nakuomba."

Alisema kwa upole, kama anayeomba afichiwe jambo alilolitenda kweli. Isdori alinyanyuka. Magoti yalimuuma, akashukuru kwamba yalimuuma.

Ofisini alikaa chini ya karatasi yake ya manila, akaandika. Aliandika miaka sita, uaminifu, usafi wa ghala. Kalamu ikasimama. Akaandika tena, polepole: Mwaka huu mahindi yaliharibika kwa sababu mimi niliagiza yafungwe kabla ya kukauka. Mboje alinionya. Alitia sahihi na kugonga muhuri, akajisikia mwepesi, karibu ajisikie vizuri. Akatoka nayo.

Mboje aliisoma amesimama. Aliisoma mara mbili, kisha akaikunja na kumrudishia.

"Hii hainifai, mzee."

"Nimesema kweli yote."

"Umemwambia mtu wa Kasesya. Yeye hanidai chochote, hata hanijui. Mke wangu, Minza, juzi aliteka maji kisimani pale chini, wanawake wakamwuliza kama nyumbani tunakula mahindi ya watoto wa chekechea au tunawapa ng'ombe." Hakupandisha sauti. "Hii ipeleke kwa waliocheka."

Leonia alikuwa ameacha kupepeta. Isdori alibaki ameshika barua, upepo ukiipigapiga, na wepesi wote aliokuwa nao ofisini ukamtoka.

Alimkuta Padri Calvin nyuma ya nyumba ya mapadri, akiwatilia sungura majani. Alimpa barua. Padri aliisoma huku mkono mmoja ungali ndani ya banda.

"Kwa nini hukusema Jumamosi? Nilikuuliza."

"Niliona aibu, Padri. Miaka kumi na moja nawafundisha wenzangu. Nikafikiri nikisema, Jumatatu nitasimama mbele yao na nini?"

"Na Jumatatu ulisimama na nini?"

"Nilisema nina mafua."

Padri alifunga banda taratibu. Alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanawe, na kwa muda alionekana hajui aweke wapi mikono. "Na mimi nilitaka ghala lijae," alisema. "Nililiona limejaa, nikafurahi, sikuuliza lilijaaje. Hilo nitalibeba mimi." Akamrudishia barua. "Lakini hili siwezi kukusemea, mzee. Jumapili baada ya Misa ya pili nitaita kamati. Mboje aliondolewa mbele ya watu kumi na wawili. Wawepo haohao kumi na wawili."

"Na wakisema niondoke mimi?"

"Sijui watasema nini," alisema Padri.

Isdori alirudi ghalani kwa njia ndefu, kupitia kanisani, lakini hakuingia. Alikuta lile gunia la tatu kutoka dirishani limeshatolewa na kufunguliwa. Mboje alikuwa amevua viatu, akitembea juu ya mahindi, anayachora mifereji kwa vidole vya miguu ili yapate hewa. Shati lake lilikuwa limeloa mgongoni.

"Kamati itakaa Jumapili," Isdori alisema. "Nitasema mbele yao. Ningependa uwepo."

"Kasesya ni Jumamosi."

"Basi nitasema hata kama hupo." Alisita. "Nisamehe, Mboje."

Mboje aliendelea kuchora mpaka akafika ukingo wa turubai. Alikung'uta punje zilizonasa katikati ya vidole, moja moja, akazirudisha kwa zenzake.

"Sasa hivi sina la kukujibu, mzee," alisema.

Leonia alienda jikoni, kwani mapadri walikula saa moja. Jua lilikuwa limeshuka, na baridi ya uwanda ikaanza kupanda kutoka ardhini. Wanaume wawili walikusanya mahindi katikati, wakayafunika kwa turubai la pili. Ghalani yalibaki magunia ishirini na mawili ambayo hayajaguswa.

"Kesho msiyatandaze manene," Mboje alisema akivaa viatu. "Yasizidi vidole viwili. Na yageuzwe kila saa."

"Tunaanza saa moja. Utakuja?"

Mboje alikaza waya wa breki ya baiskeli kwa kidole gumba, akaikaza tena ingawa ilikuwa imekaza. "Lile la kona lianzeni asubuhi," alisema, akaikokota kuelekea getini.

Isdori alitafuta mawe ya kukandamiza turubai. Alipata matatu. Upepo ulipoinua pembe ya nne, alikwenda akasimama juu yake kwa miguu miwili, barua ingali mkononi, akawa hapo akimtazama Mboje akipanda baiskeli barabarani, anapungua, anapungua.