Wapenda Historia Nyumbani kwa Istahil

Watu wa Old England Court walikuja Kajiado Jumamosi, wamevaa kofia.

Naanza na kofia kwa sababu ndizo nilizoziona kwanza nikiwa mlangoni mwa duka langu la vyakula vya mifugo. Kofia za majani zenye utepe, kofia zenye manyoya ya jogoo, na mbele yao mwenyekiti wao, Githongo, na kofia nyeusi ndefu ambayo ilimlazimu kuinama kila alipokaribia waya wa nguo. Old England Court ni mtaa wenye geti na walinzi huko Kitengela. Nyumba zake zimejengwa juzi tu, na kila moja ina bomba la moshi la matofali juu ya paa, ila chini yake hakuna meko wala jivu. Kazi ya mabomba hayo ni kulea njiwa. Wengi wanaoishi humo ni Wakikuyu wenzangu, kwa hivyo nina ruhusa ya kuwasema.

Ziara ya Nyumba za Kivictoria za Kajiado, ndivyo walivyoiita. Walikuwa wamekwisha kuona nyumba moja ya mawe karibu na reli, ambamo sasa mtu anafuga kuku, wakawapiga kuku picha. Wakaona duka la mabati la zamani, wakagusa msumari mmoja wenye kutu kwa zamu. Nilimwambia Githongo kwamba huyo Malkia Victoria alikufa kabla mtu yeyote hajapigilia msumari hapa Kajiado. Alinitazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyevaa sweta nje ndani, akaniambia kuwa Uvictoria ni roho, si tarehe.

Ningewacheka tu na kurudi kwa magunia yangu ya pumba. Lakini nyumba ya mwisho kwenye ziara yao ilikuwa ya Istahil, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na hapo kicheko kiliniishia.

Istahil anauza mashuka na vyombo hapa mjini, na siku ya soko huenda Bisil. Anaishi na baba yake, Mzee Haibe, aliyekuwa mfanyabiashara wa ng'ombe tangu alipotoka kwao kaskazini akiwa kijana. Nyumba yao ni ya mawe na mabati, ina veranda ya mbao, na ilijengwa na Mhindi mmoja aliyewauzia watu wa reli mchele na mafuta ya taa. Mzee Haibe aliinunua kwa wajukuu wa Mhindi huyo. Ni nyumba nzuri, sikatai. Ubaya wake ni kwamba choo kiko nje. Unavuka ua, unapita zizi la mbuzi, unashuka ngazi za mawe zilizolika katikati, ndipo unafika. Hata mimi na wateja wangu tunatumia hicho hicho.

Tangu Mzee Haibe apatwe na kiharusi, upande mmoja wa mwili haumtii tena. Ameanguka kwenye zile ngazi zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho Istahil alikuwa Bisil, nami nilikuwa nimefunga duka kwenda mazishini, na mzee alilala kwenye matope mpaka jioni. Hakuita mtu. Alituambia baadaye kwamba aliona haya kuita.

Basi Istahil akaamua kumjengea choo ndani, kwenye kona ya chumba chake, kona pekee ambayo mabomba yangeweza kupita. Alimleta fundi Mbaluka, akanunua saruji. Tatizo ni kwamba kwenye kona hiyo kuna meko ya ukutani ya kuotea moto, yenye rafu ya mbao nzito iliyochongwa maua, na Githongo alikuwa ameiona. Aliipiga picha wakati alipokuja kukagua njia ya ziara. Kisha akawapigia simu watu wake, na watu wake wakawapigia watu wao, na ofisa wa majengo anayeitwa Kaloki akaagiza nyundo isimame. Angekuja na ziara, ajionee mwenyewe, halafu aseme kama meko itabomolewa au itabaki. Kwa hivyo siku hiyo Mbaluka alikuwa amekaa kwenye veranda na vifaa vyake, na Istahil alikuwa hajalala.

Githongo aliingia uani mikono imefunguliwa kama mwenye nyumba. Alimsalimia Istahil kwa Kimaasai, maana alikuwa Kajiado na alidhani hivyo ndivyo inavyofanywa. Istahil amewauzia Wamaasai mashuka nusu ya maisha yake. Alimjibu, akamuuliza habari za watoto, za mifugo na za mvua, yote kwa Kimaasai, na Githongo akaanza kutazama paa kwa makini sana.

Wote waliingia chumbani kwa mzee. Hakuna aliyebisha hodi. Mzee Haibe alikuwa amekaa kitandani, kanzu safi, tasbihi mkononi, na watu waliokuwa na kofia walijipanga kuzunguka kitanda kana kwamba wamekuja kumuombea. Hawakuwa wanamtazama. Walikuwa wanatazama meko. Mama mmoja alimwomba mzee avute miguu kidogo, ilikuwa inaingia kwenye picha, naye akaivuta, ule mguu mmoja kwa kuubeba na mkono. Nilitaka kumvua mama huyo kofia na kumlisha.

Githongo alimuuliza mzee anajisikiaje kulala karibu na historia. Mzee Haibe alifikiri, kisha akasema kwamba meko hiyo haijawahi kuwashwa tangu aje, na kwamba mwaka wa mvua nyingi nyoka alitoka humo akaingia kwenye kiatu chake.

"Mzee anasema iko na kumbukumbu nyingi," Githongo akawaambia wenzake, nao wakaitikia kwa kuguna.

Kaloki hakuguna. Ni mtu mpole, mwembamba, wa kufuta jasho hata kukiwa na baridi. Lakini nilimwona akitazama magari yaliyoegeshwa nje, akizitazama zile kofia, na nikajua upepo unavuma upande gani. Alisema kwamba nyumba hii ina thamani, kwamba watu wenye elimu wamejitokeza, na kwamba yeye atatoa jibu lake baada ya chai.

"Na baba yangu?" Istahil akauliza.

Githongo ndiye aliyejibu. "Mama, mnunulie ndoo. Kuna zile nzuri, ziko na kifuniko."

Alisema hivyo mbele ya mzee. Mzee Haibe alishusha macho kwenye tasbihi yake na Istahil akatoka nje. Nilimfuata jikoni, nikamwambia asiwape hata maji watu hao. Aliniambia, "Mama Wacuka, wako kwangu," akaendelea kupanga vikombe.

Sasa nieleze jambo la maziwa vizuri, kwa sababu maneno yamesambaa hapa mjini na mengine si ya kweli. Zakariye, kaka yake Istahil, ana ngamia upande wa Bisil, na asubuhi hiyo alikuwa amemletea maziwa. Istahil aliwapa wageni chai, akaleta na maziwa ya ngamia kwa sababu ndicho kitu kizuri zaidi alichokuwa nacho. Aliwaonya. Nilikuwepo, nilisikia. Aliwaambia kuwa mtu asiyeyazoea anywe kidogo tu, tumbo lijue kwanza ni nini kimeingia. Mimi ningenyamaza na kuwaongezea. Yeye aliwaonya.

Lakini huwezi kumwambia mtu wa Old England Court anywe kidogo. Githongo alikuwa amesoma kwenye simu kwamba maziwa haya ni dawa ya sukari, presha na uzee. Alimaliza kikombe, akapanguza masharubu, akaomba cha pili ili wenzake waone jinsi anavyoheshimu mila za watu. Wenzake nao hawakutaka kushindwa heshima. Hata Kaloki alikunywa, kwa adabu. Kisha wakakaa kwenye veranda na Githongo akaanza kuwahutubia juu ya madirisha.

Alikuwa bado kwenye madirisha wakati yule mama wa picha aliposimama ghafla, akakaa, akasimama tena. Aliniuliza kwa sauti ya chini choo kiko wapi. Nilimwonyesha. Alivuka ua akijitahidi kutembea kama mtu mwenye heshima zake, na alipofika kwenye zizi la mbuzi akaacha kujitahidi. Baada yake akaenda mwingine, halafu wawili pamoja. Punde kukawa na foleni kutoka mlango wa choo, juu ya ngazi zote, mpaka kwenye zizi. Kofia zote zilikuwa hapo. Hakuna aliyezungumzia Uvictoria. Mbuzi waliacha kula wakawatazama.

Nilicheka, sifichi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikamwona Mzee Haibe.

Alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine juu ya bega la Istahil. Ilikuwa saa yake ya kwenda. Mwili wake haungoji tena, ndiyo sababu ya kila kitu hiki. Alifika kwenye foleni, akasimama nyuma ya mtu wa mwisho, ndani ya ua wake, kama mgeni. Kaloki, aliyekuwa karibu na mlango, alimwona na kumwita apite mbele. Wengine walijibana pembeni, na Istahil akamshusha ngazi moja moja. Aliyekuwa ndani ni Githongo. Kaloki aligonga, akamwambia kuna mzee hapa, atoke tafadhali.

"Kuna mtu," Githongo akajibu.

Kaloki aligonga tena. Githongo alisema watu wajifunze kusubiri.

Mzee Haibe alisubiri. Alikuwa ameshikilia fimbo kwa nguvu, ameinua kidevu, akitazama mbele tu. Halafu kanzu yake ikaanza kulowa. Ililowa taratibu, mbele ya watu wote hao, na yeye hakusogea. Istahil alivua shali yake akamfunga kiunoni, akaifunga vizuri, kama anayemvalisha kwa safari, wakapanda ngazi kurudi ndani. Nililia. Na niliona aibu kwa ajili ya kila mtu aliyesimama pale, hata wale mbuzi.

Githongo alitoka mara tu baada ya hapo, akiweka mshipi sawa. Hakuwa ameona kitu. Alipapasa ule mlango wa choo, mbao za zamani zilizopindika, akatikisa kichwa kwa kupendezwa.

"Hata hii isiguswe," akasema. "Mbao kama hii hupati siku hizi."

Kaloki alikuwa ameshika tumbo, uso umelowa jasho, na mlango hatimaye ulikuwa wazi mbele yake. Hakuingia. Alipaza sauti kuelekea veranda.

"Mbaluka, vunja hiyo meko. Anza saa hii."

Githongo alianza kusema habari za vizazi vijavyo, lakini Kaloki alikuwa ameshaingia na kufunga mlango, na kutoka ndani ya nyumba nyundo ilikuwa imeanza. Wale wengine wa kofia waliondoka mmoja mmoja mara tumbo lilipowaruhusu, bila kuaga. Githongo peke yake alibaki, amesimama kwenye mlango wa chumba, akikunja uso kila tofali lilipoanguka. Nilidhani anaomboleza. Hata nilianza kumhurumia kidogo.

Mbaluka aling'oa ile rafu ya mbao yenye maua, akaiegemeza ukutani. Githongo akakohoa. Alimsogelea Istahil, kofia mkononi kwa mara ya kwanza siku hiyo, akamwambia polepole kwamba kama wanaitupa, kule kwake Kitengela sebule ina ukuta mmoja uliokaa wazi, na ingetoshea pale vizuri sana.

Istahil alikuwa na kanzu ya baba yake mikononi, imeloweshwa tayari kwa kufuliwa.

"Chukua," akamwambia.

Na akaichukua.