Maoni Chini ya Draya

Kiti alikitoa yeye, na sheria aliitunga yeye, kwa hiyo Mama Wigi hakuwa na wa kumlaumu. Kilikuwa kiti cha draya kutoka saluni yake, kile cha zamani chenye kofia kubwa ya plastiki inayomfunika mteja kichwa ili nywele zikauke. Kilipoacha kutoa joto alikipeleka kwenye ghala la duka la rangi, ambako kila Jumamosi alasiri majirani walikutana kutazama filamu ukutani, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia. Sheria ilikuwa hivi: aliyechagua filamu anakaa chini ya draya, anatazamana na watu, na hafungui mdomo mpaka kila mtu aliyemo atoe maoni yake. Akimaliza wa mwisho, ndipo mchaguzi anapata neno lake la kufunga. Aliitunga kwa sababu ya Mwalimu Mkuu mstaafu, ambaye aliwahi kuitetea filamu yake kwa muda mrefu kuliko filamu yenyewe.

Leo mchaguzi alikuwa Mama Wigi. Jasho lilimtiririka chini ya wigi lake la Jumamosi, lile la mawimbi, na moyo ulimdunda kama wa mwizi.

Filamu ilikuwa ya dansi na vituko vitupu. Kulikuwa na ukumbi wa muziki uliogawanywa kwa kamba katikati: Wazungu upande huu, weusi upande ule, na bendi imekalia kamba yenyewe isijulikane ni ya nani. Mwenye ukumbi alikuwa mjane aliyeigizwa na mwanamume mwenye mabega ya kubeba magunia, ndevu zake zikichungulia kwenye poda, na kila akitokea wigi lake lilikuwa limerefuka. Binti wa meya, Mzungu, alimpenda mfagiaji wa ukumbi, mweusi, na wawili hao wakawa wanacheza kila mtu upande wake. Mwishoni binti akairuka kamba, ukumbi mzima ukapiga makofi, kisigino cha mjane kikaikwaa kamba hiyo, pazia likaanguka, bendi ikaanguka, meya akatumbukia kwenye keki, na watu wote wakacheza pamoja. Wote walikuwa na kidoti, kwa sababu ukuta wa ghala una tundu la msumari, na hakuna mwigizaji aliyewahi kupita pale bila kidoti shavuni.

Mama Wigi aliwaambia watu kwamba ameichagua kwa ajili ya mawigi. Kwa binti yake alisema kwamba ameichagua ili kumlainisha baba. Yote mawili yalikuwa uongo.

Binti huyo, muuguzi, alikuwa na mchumba, na mchumba alikuwa Mzungu, fundi wa mashine za eksirei katika hospitali ileile. Tangu mvua zilizopita alikuwa anaomba kumleta nyumbani, na mama kila mara alimjibu kwamba baba hayuko tayari, ampe muda. Wiki hii binti alichoka. Alisema kama kijana hatakaribishwa nyumbani kabla mwezi haujaisha, watafunga ndoa ofisini kwa serikali na kuwaletea wazazi picha. Alilisema hilo bila kupandisha sauti, na ndiyo maana mama yake hakulala.

Kwa maana baba mtu hakuwahi kukataa. Hakuwahi hata kuulizwa. Alikuwa fundi wa breki, na watu walimwita Breki, kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya kuongea kwake. Kila Jumapili aliuliza kwa nini huyo kijana haji, na mkewe akamwambia ana zamu.

Aliyekuwa na shida ni Mama Wigi mwenyewe. Binti wa mshonaji wa mtaa wao alipoolewa na Mzungu, ni yeye aliyesema mbele ya saluni nzima kwamba mkwe huyo itabidi aanikwe juani kidogo kidogo, kama sweta, asije akapauka zaidi. Wateja walivunjika mbavu. Yeye akanogewa, akawa anaongeza kipya kila siku, mpaka mshonaji akahamia saluni nyingine bila kuaga. Sasa zamu imefika kwake, na kila alipomfikiria kijana yule akiingia kwa mlango wake wa mbele, alisikia vicheko vyake mwenyewe vikitoka kwenye midomo ya wengine.

Basi akapanga baba na kijana wakutane humo ghalani, gizani, kama kwa bahati, katikati ya watu wanaocheka. Wakitoka hapo angewaambia, haya, si mmeshajuana. Hesabu zake zilikuwa nzuri ila alisahau kitu kimoja, kwamba baada ya filamu kuna maoni.

Bucha, muuza nyama, alianza. Alisema amecheka, lakini filamu nzima hakuona mtu akila, na ile keki kupewa uso wa meya ni dhambi. Pia akataka kujua kama yule mjane ni mwanamume kweli, maana kama ndivyo, ana jambo la kwenda kulifikiria nyumbani.

Mwalimu Mkuu alisimama ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Alisema ubaguzi ulimwaga damu za watu, na hapa umevalishwa nguo za kumetameta kana kwamba uliisha siku watu walipojifunza kuzungusha kiuno. Alisema ameudhika. Kisha akakaa, akakiri kwamba kiuno kilizungushwa vizuri. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu walishauona mguu wake ukicheza chini ya kiti.

Akafuata dada yake Breki, ambaye Mama Wigi humwita wifi kwa mdomo na mengine kwa moyo. Wifi hakupenda kitu. Alisema yule binti wa meya ameruka kamba mara moja tu, watu wakampigia makofi mpaka mikono ikawauma, wakati mfagiaji alikuwa anairuka kila siku na ufagio wake na hakuna aliyemtazama. Halafu akageuza shingo kuelekea safu ya pili kutoka nyuma alikokaa yule kijana, akasema hata humu ndani wapo wanaongoja kupigiwa makofi kwa kukalia kiti cha plastiki.

 Mama Wigi alifungua mdomo, na watu kama watano wakamnyooshea kidole, sheria ni sheria. Akaufunga.

Binti yake akasimama, mikono imekunjwa kifuani. "Mimi nimeipenda," alisema, "kwa sababu nimemwona baba akicheka. Niliambiwa hasira zimemjaa mpaka chakula hakipiti."

Breki aligeuka taratibu, akamtazama binti yake, kisha akalitazama tumbo lake mwenyewe, ambalo halikuwahi kukosa chakula. Mama Wigi alitamani kofia ya draya ishuke immeze.

Kijana alikuwa mrefu, na alipoinuka masikio yake yalikuwa mekundu. Tangu filamu ilipoanza, Bucha alikuwa nyuma yake akiyajadili masikio hayo na jirani yake kwa sauti ya kawaida kabisa, akiamini kwamba mwenyewe haelewi. Lakini kijana alizaliwa mji huohuo, ng'ambo ya stesheni, na Kiswahili alikuwa nacho kama cha kwao.

"Masikio haya ni ya babu yangu," alisema. "Na yeye yalimsumbua." Bucha akainama kufunga kamba za viatu alivyovaa bila kamba. "Shangazi amesema kweli, kuruka kamba si kazi. Mimi ningependa kuiona kesho yake. Yule binti apelekwe kwa kina mfagiaji, aambiwe akae kiti gani, watoto wamkodolee macho. Filamu imeishia kwenye kucheza. Kucheza na mtu ni rahisi." Akamgeukia Breki. "Shikamoo, baba. Nimeambiwa hauko tayari. Mimi naweza kungoja. Mwenzangu ndiye amechoka."

"Marahaba," alisema Breki, na kwa kuwa ni yeye tu aliyebaki bila kutoa maoni, akaendelea. Aliongea kama anavyokagua gari, anaanza tairi la mbele. Filamu ni nzuri. Amecheka. Mjane amemkumbusha dada yake. Wifi akasonya.

"Lakini kuna kitu sijaelewa," alisema. "Ile kamba watu wanairuka, wanaikwaa, wanaipita chini. Hakuna hata mmoja anayeuliza imefungwa na nani. Kamba haijifungi." Akanyamaza, na wanaomfahamu wakajua hajamaliza. "Mimi kila Jumapili naambiwa kijana ana zamu. Nikasema hospitali gani hii, ina mtu mmoja? Kumbe yeye anaambiwa siko tayari. Sasa nauliza kama fundi tu. Nani kafunga?"

 Ghala zima liligeuka kuitazama draya.

Mama Wigi alikuwa na neno lake la kufunga tangu asubuhi, zuri, la kuchekesha, kuhusu mawigi. Aliinuka nalo. Yeye aliinuka, lakini wigi la mawimbi lilinasa kwenye msumari wa ndani ya kofia, likabaki humo linaning'inia. Watu aliowasuka miaka yote, ambao hawakuwahi kumwona kichwa wazi, waliona mvi chache, vipara viwili vya kazi ya miaka mingi ya nywele za kubandika, na masikio ambayo, ukweli usemwe, nayo yalikuwa na ukubwa wake. Akangoja vicheko. Alivistahili. Lakini lile neno la kuchekesha lilikuwa limebaki kwenye wigi.

"Nimefunga mimi," alisema. "Niliogopa midomo ya watu. Naijua, mingi nimeifundisha mwenyewe." Akamtazama kijana kwa mara ya kwanza bila kukwepa. "Mwanangu, hapa umeletwa gizani, na si haki. Kesho mchana njoo nyumbani, uingie mlango wa mbele. Mshonaji nitampitia mimi leo, na yeye aje. Wanaotaka kucheka waje wacheke kuanzia saa sita, napika mimi."

Akakaa kwa kishindo. Bawaba ya draya, iliyokuwa inamlia njama tangu zamani, ikakata tamaa, na kofia ikashuka mpaka mdomoni, na yeye na wigi wakawa pamoja tena gizani.

Alisikia viti vikisukumwa. Alisikia viatu vizito vya Breki vikija upande wa kulia, na vingine vyepesi upande wa kushoto.

"Shika hapa," ilisema sauti ya Breki.

"Nimeshika, baba. Hii skrubu imeliwa."

"Ifungue kwa nguvu."

"Ukilazimisha itakatika. Inataka bisibisi nyembamba zaidi."

 Maisha yake yote Breki hakuwahi kuelekezwa jinsi ya kushika bisibisi, na Mama Wigi akabana pumzi.

"Unayo?" aliuliza Breki mwishowe.

"Iko nyumbani."

"Kesho uje nayo. Na ile redio yangu pia uitazame."

Ndani ya kofia Mama Wigi alilia kidogo, kwa kuwa hakuna aliyemwona. Kisha, wale wawili walipoanza kubishana kuhusu redio, akauliza kama kuna anayekumbuka kwamba humu ndani mna kichwa cha mtu. Wifi akamjibu kwamba neno lake la kufunga alishalisema, anyamaze.