Mkaa wa Kima

Mke wa Masizi alikuwa akila mkaa, na hilo halikuwa la kumwambia mtu. Mimba mbili zilikwisha kumharibikia. Hii ya tatu ilifika mwezi wa saba na uchu wake: wali ulimtapisha, mkaa ukamtoa mate. Masizi, mchoma mkaa, alipomfuma mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama watoto, unanizalia mtu au kima?"

Kisha akakunja uso, akamwapisha asirudie. Mke akaapa. Lakini mimba haina adabu. Mume akiingia msituni tu, mkono huo guniani.

Kima nao vivyo hivyo. Hawa wekundu, ambao nje ya kisiwa hiki hawapo popote, hula majani yanayowavuruga tumbo, kisha hutafuta mkaa wa kujituliza. Walishuka tanurini na watoto vifuani, wakapasua magunia na kuchagua vipande kama wanawake wanaochagua nyanya sokoni. Masizi aliwachukia. Mkewe aliwapenda kimyakimya, maana kwao alijiona ana wenzake.

Alasiri moja Masizi alimwita kwa bashasha. "Njoo uone kazi ya mumeo!"

Nyuma ya tanuri kima walikuwa wametapakaa, midomo myeusi, mapovu yamewakaukia. Kitoto kimoja kilikuwa hai bado, kinanyonya ziwa la mama aliyekufa.

"Siku za mwizi arobaini," alisema Masizi. "Sheria imekataza bunduki, haijakataza akili. Jana nimekoroga sumu ya panya nikainyunyizia mkaa. Sikukuambia, nilijua ungewalilia."

"Mkaa wa gunia lipi, mume wangu?"

"Lile la mlangoni, lililo wazi. Usiliguse."

Mke alijishika kiunoni. Tumbo lilikuwa likimkata tangu asubuhi, naye alijipa moyo kuwa ni maumivu ya mimba tu. Hata hapo, Mungu amsamehe, alichowaza kwanza ni kudanganya. Aliona haya kuliko hofu. Kisha akafumbua kinywa, akamtolea mumewe ulimi. Ulikuwa mweusi.

Masizi alimdaka asianguke, akamtia vidole kooni, akilia kwa sauti kama mtoto. "Tapika, mama! Tapika yote, nakuomba!"

Alitapika weusi mtupu. Alipopata pumzi, alimshika mumewe mkono na kuuweka tumboni.

"Hajacheza tangu adhuhuri," alisema.