Wimbo Unaongoja

Mjomba Hobart hakufundishwa gitaa na mtu. Mgodi ulimvunja mguu, akashinda kibarazani miezi na gitaa la kuagiza kwa posta, akilipapasa mpaka likakubali kusema. Kidole gumba kilitembea chini polepole, vidole viwili vikicheza juu, nawe ukajikuta umesahau ulichokuja kuazima. Mimi nilimsikiliza macho nimefumba, nikiona ukungu unapanda bondeni, na ole wake atakayenisemesha. Naupenda muziki ule kuliko chakula, nasema bila haya.

Ila wimbo mmoja ulikuwa na kasoro. Katikati yake, mguu wako ukiwa umeshainuka, Mjomba alisita. Kimya. Kisha akaendelea, hana habari. Wacheza dansi waliukimbia wimbo huo. Binamu yangu Burl alisema, "Una guu bovu, umemrithi mwenyewe."

Mwaka huu kiharusi kilimshika Mjomba mkono wa kushoto. Jumapili ya kupamba makaburi, ambapo ukoo mzima hupanda mlimani na maua na chakula, ilikuwa inakaribia, naye hajawahi kukosa kuupiga wimbo ule kwenye kaburi la mkewe, Ocie. Akanikabidhi gitaa. Nikaupiga sawasawa, nimeunyoosha, bila kusita popote. Nilijiona fundi.

"Nini hicho?" akauliza.

"Wimbo wako, Mjomba."

"Wangu? Huo umepita mbio unafukuzwa na nyuki. Ukiupiga hivyo, heri Ocie asisikie kitu mwaka huu."

"Basi niambie, nikifika pale ningoje kiasi gani?"

"Unangoja mpaka."

"Mpaka nini?"

"Mpaka basi, Delphia! Mbona una kichwa kigumu hivyo?"

Nilimkasirikia kwelikweli. Mzee ananipa kazi, halafu ananificha ufunguo wake. Au alitaka wimbo ufe naye?

Jumapili yenyewe ukungu haukuondoka. Tulipandia njia ya zamani, itokayo chemchemini hadi kwenye nyumba ya kwanza ya Mjomba na Ocie, sasa imebomoka. Makaburi yako nyuma yake. Watu walitangulia na maua ya karatasi, ukungu ukawameza, zikabaki sauti tu zikielea juu yetu. Mjomba alinifuata na fimbo yake. Mimi mkono mmoja gitaa, mkono mwingine sufuria la chuma limejaa maharagwe na nyama ya nguruwe. Kwenye kona, penye jiwe bapa, vidole viligoma. Nikatua sufuria pale jiweni, nikahema, nikabadilisha mikono.

Nyuma yangu Mjomba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue.

"Hapo hapo!"

"Hapo nini, Mjomba?"

"Hapo ndipo Ocie alipokuwa akitua ndoo ya maji. Mimi niko kule kibarazani, mguu umefungwa vijiti, siwezi hata kumpokea. Ananipigia kelele, 'We mwanamume, wenzio wanachota maji, wewe unakuna waya!' Basi nikawa nampigia gitaa, apande nalo. Akitua, nami natua. Ningeendeleaje, nimwache peke yake na maji yake?"

Hasira zote ziliniisha. Nilitaka kulia, nikainua sufuria.

Kule juu watu walikaa kwenye majani yenye umande. Nikaanza. Gumba likapanda mlima taratibu, nyuzi nyembamba zikidondoka juu yake tone kwa tone, na kwa muda sikujua tena kama napiga mimi au nasikiliza tu. Nikafika konani. Nikatua.

Burl akainua kichwa. Mtoto mmoja akakohoa. Mjomba alikuwa ameigeukia njia tuliyopandia, nyeupe tupu kwa ukungu, mkono wake mzima ameunyoosha mbele, kiganja wazi. Sikuhesabu chochote. Nilimtazama yeye.

"Haya, Ocie," akanong'ona. "Beba. Umekaribia."

Nami nikapiga.