Sehemu ya Kumi na Moja

Saa kumi na mbili na robo jioni, mpigachapa aliweka kompyuta juu ya meza ya kulia, akachomeka diski, akaanza kubadilisha majina ya faili. Zilikuwa faili mia nne na kumi na mbili, zote za tamthilia, na karibu nusu yake hazikuwa na jina la maana. Moja iliitwa "mpya". Nyingine iliitwa "mpya mpya". Nyingine iliitwa "hii ndiyo yenyewe", nayo ilikuwa sehemu ya tatu ya tamthilia ambayo sehemu yake ya nne iliitwa "hii siyo".

Aliyezipa majina hayo ni mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu aliwahi kuanza kuongea na hakupumzika tena. Chiriku alikuwa amefariki miezi minne iliyopita, akiwa na miaka kumi na tisa. Kazi ya kutunza tamthilia ilikuwa yake. Tangu aondoke, kisanduku kilichounganishwa na televisheni kilionyesha harusi kabla ya uchumba, na Mama alichoka kuona watu wakizikwa leo na kesho yake wakinywa chai.

"Si ndiyo kazi yako hiyo?" Mama alimwambia. "Kutwa nzima unachapa barua za watu. Nipangie na mimi."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kisanduku kilisoma jina tu, hakikuangalia kilichomo ndani. Lilitakiwa kwanza jina la tamthilia, kisha herufi M na namba ya msimu, kisha herufi S na namba ya sehemu, na kila namba iwe na tarakimu mbili. Ukiandika 1 badala ya 01, sehemu ya kumi inakuja kabla ya ya pili. Kitu chochote kisicho na mahali pake, kama vile matangazo au mahojiano na waigizaji, kiliwekwa kwenye msimu wa 00. Vilivyowekwa huko havikujitokeza vyenyewe. Mpaka mtu avifuate.

Saa moja kamili Baba Mdogo alifunga mlango wa grili. Alikuwa mdogo wa marehemu baba yao, na alihamia kwao mwaka ule baba alipofariki, kwa sababu, alisema, nyumba ya wanawake inahitaji mtu wa kuifunga. Kufuli lilikuwa moja na ufunguo ulikuwa mmoja. Alifunga saa moja jioni na kufungua saa kumi na moja na nusu alfajiri, na katikati ya saa hizo ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa shati lake. Madirisha yalikuwa na nondo. Mlango wa nyuma aliuziba kwa matofali mwezi wa kwanza tu wa kuhamia.

Mpigachapa aliposikia kufuli likibana, aligusa inhela yake ya pumu mfukoni. Yeye na Chiriku walizaliwa na vifua vya aina moja. Tangu mazishi alikuwa ameomba ufunguo wa akiba mara mbili. Mara ya kwanza Baba Mdogo alimjibu kwamba ufunguo wa pili huwa ni wa mwizi. Mara ya pili aliongeza sauti ya televisheni.

Kuhusu Chiriku, Baba Mdogo alieleza, na wote wakayarudia maelezo yake kwa waliokuja kuhani, kwamba kifua kilimbana ghafla, dakika mbili tatu, hakugonga mlango wa mtu. Siku hiyo mpigachapa alikuwa kwa shangazi yake anamuuguza, na Mama alikuwa amelala mapema kwa dawa za presha. Asubuhi Chiriku alikutwa amekaa chini, kichwa kimeegemea grili. Hakuna aliyeuliza mtu aliyebanwa ghafla alifikaje mlangoni. Mpigachapa alijiuliza, lakini kimoyomoyo.

Siku ya tatu ya kupanga, alikuta folda ambayo hakuitambua. Iliitwa "Nyumbani". Ndani yake kulikuwa na misimu minne, majina yote yameandikwa sawasawa, tarakimu mbili mbili, bila kosa hata moja. Alifungua ya kwanza. Ilionyesha sebule yao ikitazamwa kutoka juu ya kabati, mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa sanduku la nguo za marehemu baba. Mama alikuwa anakunja mashuka. Baba Mdogo alikuwa anaingiza mizigo yake. Ilichukua dakika arobaini na moja na ilikuwa na muziki mwanzoni.

Mpigachapa alikagua tena majina, hakuona cha kurekebisha, akaihamishia kwenye kisanduku pamoja na tamthilia nyingine.

Jioni hiyo waliitazama.

"Kumbe lile gauni linanikaa vibaya hivi," alisema Mama, "na nyote mmenyamaza!"

"Mimi wamenichukua upande mbaya," alisema Baba Mdogo. "Ila picha ni safi, lazima tuseme ukweli."

Wakawa wanatazama sehemu mbili kila jioni. Chiriku alikuwemo karibu katika zote. Alisimulia habari za shuleni kwa kuigiza sauti za walimu, alibishana na pasi, alihesabu vidole vya miguu ya Mama akidai vimepungua. Mama alikuwa anacheka kabla kichekesho hakijafika, kwa kuwa alikikumbuka. "Mtoto huyu!" alisema, akajifuta macho kwa upindo wa nguo yake.

Katika msimu wa nne, baada ya sehemu ya kumi ilikuja ya kumi na mbili. Katika ya kumi na mbili sebule ilikuwa imejaa viti vya kuazima, watu wamekaa wameinamisha vichwa, na Chiriku hakuwemo. Kwenye orodha, katikati ya sehemu hizo mbili, palikuwa na kiboksi cha kijivu kisicho na picha.

"Umeruka moja," alisema Mama.

"Sijaruka, Mama. Haipo."

"Kama haipo, haipo," alisema Baba Mdogo. "Tuendelee na mambo mengine."

Alisema hivyo haraka, kabla mpigachapa hajafunga mdomo. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Baba Mdogo hakuwa mtu wa haraka. Hata chai aliisubiri ipoe.

Kesho yake, kabla ya saa moja, mpigachapa aliitafuta. Hakutafuta kwa jina, alitafuta kwa urefu: dakika arobaini na moja, kama sehemu nyingine zote za Nyumbani. Aliipata kwenye msimu wa 00, na aliyeiweka huko alikuwa ni yeye mwenyewe, siku ya kwanza kabisa, kwa sababu jina lake lilimpotosha. Iliitwa "subiri kwanza iishe". Alidhani ni neno Chiriku alilojiandikia ili asiiondoe diski mapema.

Alianza kuandika jina jipya. Vidole vyake, ambavyo kazini vilichapa bila kuangaliwa, vilikosea mara tatu. Baba Mdogo alipita nyuma yake, akasimama.

"Bado tu?"

"Bado kidogo, Baba Mdogo."

"Usipange sana, binti," alisema, mkono wake uko juu ya mgongo wa kiti. "Ukipanga sana unavuruga."

Mpigachapa alisubiri aondoke. Kisha akaandika M04S11, akabonyeza, na kiboksi cha kijivu kikapata picha.

Waliitazama baada ya kula. Sebule ilikuwa ileile, na ndani ya televisheni palikuwa na televisheni, na Baba Mdogo alikuwa anatazama sehemu ya mwisho ya tamthilia yake. Chiriku alitoka chumbani, mkono kifuani. Alitikisa inhela sikioni, kama mtu anayetikisa kiberiti kuona kama vijiti vimebaki.

"Baba Mdogo, naomba ufunguo. Niende zahanati."

"Subiri kwanza iishe."

Chiriku alikaa. Baada ya muda aliomba tena, safari hii kwa neno moja. Baada ya muda mwingine alinyoosha mkono tu. Baba Mdogo alitoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya mkono wa kiti ili aone kwamba upo na atapewa, kisha akaweka kiganja chake juu yake. Chiriku alisimama kwa kushika ukuta, akaenda mlangoni, akakaa chini. Kwa dakika kumi na mbili zilizofuata hakusema kitu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika misimu yote minne. Tamthilia iliisha. Baba Mdogo alibaki kusikiliza wimbo na kusoma majina ya waigizaji. Halafu aliinuka, akamtazama Chiriku pale alipokaa.

"Haya, si umeshapoa?" alisema, akaurudisha ufunguo mfukoni, akaenda kulala.

Muziki ulipigwa, picha ikaisha. Hakuna aliyeinuka. Mpigachapa alikuwa ameshika inhela kwa mikono miwili, na alisikia kifua chake kikianza kupiga filimbi, kwa mbali, kama birika kwenye nyumba ya jirani.

"Inhela nilisema inunuliwe Ijumaa," alisema Mama.

"Hii ndefu mno," alisema Baba Mdogo. "Na mwisho wake hauna kichwa wala miguu."

Mama aligeuka. "Shemeji, ulituambia hakugonga mlango."

"Hakugonga. Wewe umemwona amegonga? Ameomba."

Mama alirudisha macho kwenye televisheni, akafikiri. Ilikuwa kweli kwamba hakugonga. Alisema kichwa kinamuuma. Alipofika mlango wa chumbani alisimama, akaongea bila kugeuka.

"Irudishe kule kwa vitu visivyo na mahali, mwanangu. Sitaki niione kila nikipita."

Mpigachapa aliirudisha. Lakini alfajiri, kabla ya kwenda kazini, aliifungua peke yake kwenye kompyuta, akaisimamisha pale ambapo ufunguo uko juu ya mkono wa kiti na kiganja hakijafika. Meno yalionekana vizuri, matano, la tatu fupi. Alipima mkono wa kiti kwa rula ili ajue ukubwa halisi, akachora ufunguo kwenye karatasi. Karatasi aliipeleka kwa fundi wa funguo ambaye meza yake iko nje ya duka la kuchapa.

Fundi aliitazama karatasi kwa jicho moja. "Umeuona wapi huu?"

"Kwenye tamthilia."

"Naam. Siku hizi wengi wananiletea hivyo," alisema fundi, akachukua tupa. "Ila wa kwako umechorwa na mtu mwenye akili. Jana kuna mzee kaniletea umbo la kijiko."

Mchana ufunguo ulikuwa tayari. Aliuweka ndani ya kiatu, chini ya kisigino, na njia nzima ya kurudi alitembea akiusikia, akahisi kwamba anaweza kuvuta hewa mpaka chini kabisa.

Kwenye grili palikuwa na kufuli jipya. Lilikuwa kubwa kuliko la zamani, la rangi ya dhahabu, na bado lilikuwa na karatasi ya dukani. Baba Mdogo alikuwa anaibandua kwa ukucha.

"Ule ufunguo umeshaonekana kwenye televisheni," alimweleza. "Watu wa siku hizi wajanja."

Alipomaliza aliingiza ufunguo mpya mfukoni, akaufunga mfuko kwa kifungo. Shati lenyewe lilikuwa jipya pia. Mifuko yake ilikuwa na vifuniko.

Jioni hiyo mpigachapa alifungua folda ya Nyumbani. Ulikuwepo msimu wa tano, na ndani yake faili moja, M05S01, imeandikwa vizuri, dakika arobaini na moja. Picha yake ndogo ilimwonyesha yeye, amesimama, mkono umeshika nondo ya grili, amevaa gauni la bluu. Alijitazama. Alikuwa amevaa gauni la bluu.

Hakuifungua. Aliibadilisha jina, akaiandika M00, ili isije ikajitokeza yenyewe, akafunga kompyuta. Kesho yake aliikuta imerudi msimu wa tano. Siku hiyo kazini alikuwa amekwenda na blauzi ya kijani, na kwenye picha alivaa blauzi ya kijani. Kulikuwa hata na doa la wino kwenye mkono, ambalo alilipata saa nane mchana.

Tangu hapo ameongeza kazi hiyo kwenye kazi zake. Kila siku, ikifika saa kumi na mbili na robo, anaweka kompyuta juu ya meza, anatazama amevaa nini, anaandika M00. Faili nyingine zote mia nne na kumi na mbili zimeshakuwa na majina yake na zinakuja kwa mpangilio. Watu wanachumbiana, wanaoana, wanazikwa, na waliozikwa hawanywi chai. Ufunguo wa zamani anao, ameuweka kwenye droo pamoja na inhela tupu ya Chiriku.

"Umeshapanga?" Mama anauliza kutoka jikoni.

"Nimeshapanga, Mama."

Saa moja kamili kufuli linabana. Baba Mdogo anafunga kifungo cha mfuko, anakaa kwenye kiti chake, anachukua rimoti. "Haya," anasema, "tuone ya leo." Mpigachapa anakaa kwenye kiti kilicho karibu zaidi na mlango. Anavuta hewa kwa pua na kuitoa kwa mdomo, taratibu, kimyakimya, asije akawaharibia usikivu.