Bangili za Bi Mwatum na Gari Lenye Ramani

Mkono wa Bi Mwatum ulikuwa umenenepa tangu siku alipovishwa zile bangili, kwa hiyo asubuhi ile alizivua kwa sabuni. Alizungusha, akavuta, akasema "ya Rabbi", mpaka zikatoka zote mbili. Akazifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo kwa meno, kisha akatoka barazani Mkunazini kumngojea mjukuu wake kama mtu asiye na jambo.

Jambo lilikuwepo. Nassra alikuwa anakwenda kununua gari.

Miaka minne msichana huyo aliendesha gari la watu, akipeleka watoto skuli na kuwarejesha, na hakuna mama hata mmoja aliyewahi kusimama mlangoni kulalamika. Sasa alitaka lake mwenyewe, la kuchukua wanawake: maharusi, wazazi wanaokwenda kliniki, mashangazi wenye masinia ya vyakula na hadithi ndefu. Katika ukoo wao wanawake walishona kofia, walipika maandazi, mmoja alikuwa mkunga. Dereva, huyu ndiye wa kwanza.

Bi Mwatum aliitangaza habari hiyo kuanzia Mkunazini mpaka Mlandege bila ya kuombwa. Na ndivyo ilivyomfikia Kificho, mwenye teksi pale Darajani, mtu wa masihara asiyeona haya hata mbele ya wakubwa.

"Bi Mwatum," Kificho alimwambia mbele ya watu, "mjukuu wako mjini namkubali. Lakini siku atakayoipita Bububu tutasikia redioni: amepotea mtoto wa kike, mara ya mwisho alionekana anauliza njia!"

Watu walicheka. Bi Mwatum naye alicheka, maana ukikasirikia masihara unayapa miguu. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki changu. Aliposikia kwamba yako magari yenye ramani ndani yake, tena inayosema kata hapa, nenda kule, akaamua palepale. Mjukuu wake atapata hilo, na bangili ndizo zitakazolipa.

Yadi ya Mansour ilikuwa Bububu, kando ya barabara. Mansour alikuwa kijana mwenye ulimi wa asali, na mama yake na Bi Mwatum walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, baba. Mama hajambo miguu?"

"Hajambo, anakusalimu. Haya, Nassra, gari zako mbili hizo."

Zilikuwa pacha. Rangi moja nyeupe, viti sawa, zimetoka Japani kwa meli moja. Tofauti ilikuwa pale mbele, kati ya usukani na kiti cha abiria. Moja ilikuwa na redio tu. Nyingine ilikuwa na kioo kipana, na mafundi wa Mansour walikuwa wameshakitoa Kijapani chake wakakitia ramani ya Unguja. Kwa kioo hicho bei ilipanda, na ilipanda hasa.

Mansour alikiwasha. Kikatoka rangi, kisha sauti ya mwanamke ikasema maneno ya Kiingereza kwa haraka.

"Mtoto wa nani huyu?" Bi Mwatum aliuliza. "Anaingia mazungumzoni wala haamkii!"

"Ni mashine, Bi."

"Hata mashine. Salamu hailipiwi ushuru."

Lakini macho yake hayakubanduka. Kisiwa kizima kilikuwa mle ndani, kimelala kama samaki kwenye sinia, kichwa Nungwi, mkia Makunduchi. Aliona jinsi Nassra atakavyopita Darajani kioo kinawaka, na Kificho ameegemea teksi yake kuukuu, mdomo wazi.

"Kitendawili!" alisema.

"Tega," Mansour alijibu, maana hakuna mtoto wa Unguja asiyejua kujibu hapo.

"Anazijua njia zote, na hana hata mguu mmoja."

"Ndiyo hii ramani, Bi Mwatum!"

"Umepata. Basi tunaichukua."

Nassra wakati huo alikuwa ameinama kwenye injini ya ile nyingine, mikono imeshaingia mafuta. Aliinua kichwa.

"Bibi, mimi nnaitaka hii. Injini yake imetulia kuliko ya ile."

"Haina ramani."

"Ramani nnayo kwenye simu. Mgeni akitaka hoteli asiyoijua mtu, nnaitazama. Tena ya simu inajirekebisha yenyewe kila barabara mpya inapofunguliwa. Hiyo ya kwenye kioo, Mansour, ikizeeka inakuwaje?"

Mansour alikohoa kidogo. "Inarudi kwa fundi."

"Bure?"

"Sasa, bure, dada yangu, fundi naye ana watoto."

"Umesikia, Bibi?"

"Simu!" Bi Mwatum alisema. "Simu hata muuza mabungo anayo! Nataka ujulikane kuwa wewe ni dereva kamili, usiyekosa kitu. Nataka asitokee mtu akasema umepotea." Akalifungua fundo la kanga kwa meno yaleyale aliyolifungia, akaziweka bangili juu ya boneti nyeupe. Zililia kidogo kwenye bati. "Sonara atanipa bei nzuri. Hizi ndizo za kuongezea."

Nassra alizitazama. Alizijua tangu hajajua kutembea, ndizo alizong'atia meno yake ya kwanza. Babu yake, marehemu Mzee Usi, alizinunua kwa kazi ya lori la nazi, akamvisha mkewe mwenyewe, na tangu siku hiyo hazikutoka kwenye mkono ule hata kwa kufua.

"Bibi," alisema taratibu, "ikiwa naogopa kupotea, nitazichukua, nitakubusu mkono, nitakushukuru mpaka kufa. Lakini siogopi. Mansour, hebu iulize hiyo mashine yako. Iambie kuna mteja amepiga simu, anataka kufuatwa Muyuni."

Mansour aliandika, akafurahi kwamba sasa biashara inasogea. Mashine ilifikiri. Kisha ikaleta alama mbili nyekundu, moja juu karibu na kichwa cha samaki, nyingine chini karibu na mkia.

"Muyuni ziko mbili," Mansour alisema. "Hapa unachagua tu."

"Nachagua ipi?"

"Ile anayoitaka mteja."

"Mteja kasema Muyuni, kakata simu, na harusi iko njiani."

Mansour alikuna kidevu. Fundi wake, Mjaka, aliyekuwa akiosha tairi, aliacha kuosha.

"Mimi nampigia tena," Nassra alisema, "namuuliza, jirani zenu ni watu wa Matemwe au wa Makunduchi? Akisema Matemwe, nnapita Mahonda, nnafika Kinyasini, nnaiacha njia ya Nungwi iende zake, nnafuata harufu ya bahari. Akisema Makunduchi, nnapita Tunguu, nnaliacha jua nje ya msitu wa Jozani, maana ndani mle jua halishuki chini, nnafika Kitogani. Kitogani njia imechanika kama suruali ya mkwezi. Mguu mmoja kwa watu wa Paje, mguu wangu mimi kwa watu wa Muyuni."

Bi Mwatum alikuwa ameshika shavu. Suruali ya mkwezi! Maneno hayo aliyajua, yalikuwa yake.

Na kabla ya kuwa yake yalikuwa ya Usi. Kila jioni Usi alirudi na lori, akaoga, akala, na kabla ya usingizi akamsimulia mkewe alikopita: wapi njia imechanika, wapi daraja linalia, kijiji gani wanakukaribisha madafu kabla hujazima injini. Bi Mwatum alikuwa na watoto sita na kofia za kushona. Hakwenda. Alisikiliza tu. Usi alipofariki, zile njia zilibaki masikioni mwake hazina pa kwenda, mpaka alipokuja Nassra mdogo, mwenye kupenda vitendawili na asiyejua hata kimoja.

"Nipe mji!" Bi Mwatum alikuwa akimwambia kila aliposhindwa, kama desturi inavyotaka, mshindwa alipe mji ndipo apewe jibu. Ila kwake yeye kulikuwa na sharti. Mji ulioutoa jana, leo haupokelewi. Na yeye akishaupokea hausemi kwa mkato, anausafiri. "Nimekwenda Chwaka. Nimepita Dunga, nimesalimia, nimeteremka mpaka pwani, nimekula pweza, nimerudi." Mtoto akashindwa na kushindwa, miji mikubwa ikamwishia, akaingia kwenye midogo. Siku moja alitoa Muyuni. Bibi akakataa, ushanipa. Mtoto akasimama juu ya mkeka, mikono kiunoni: "Ile ilikuwa ya Kusini! Hii ya Kaskazini!" Bi Mwatum alicheka mpaka machozi, akaipokea.

Kumbe vile vitendawili vyote alivyoshindwa havikupotea.

"Na Donge?" Mjaka alidakia, hakuweza kujizuia. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa huko.

"Donge ipi, kaka? Mbiji, Karange, Vijibweni, Mtambile? Nambie nyumba ya nani, usinambie Donge."

"Wallahi huyu hapotei," Mjaka alimwambia bosi wake. "Mimi hata nikimpa jina la mbuzi wetu atamfikia."

Mansour aliinua mikono. Alikuwa mfanyabiashara, si mtu mbaya. Akakizima kile kioo mwenyewe.

"Lakini Bibi," Nassra alisema, na sasa sauti yake ilishuka kidogo, "gari tunalipanda wote. Ukisema bado unaitaka ramani, nitalichukua lenye ramani. Sitaki uingie ndani yake na kinyongo."

Bi Mwatum alilitazama gari lenye kioo. Kioo kilikuwa cheusi sasa, kinaonesha uso wake mwenyewe. Akamtazama mjukuu wake, mafuta mpaka kwenye viwiko, ushungi umekaa upande, macho ni ya Usi hasa. Angesema neno lingetoka na kilio, kwa hiyo alitumia ukali.

"Sasa nyinyi mnanitazama nini? Nipeni hizo bangili zangu, jua litaziunguza."

Hazikuingia, kwa mkono ule ulivyonenepa. Mjaka alileta ndoo yake ya povu la kuoshea magari, Bi Mwatum akatumbukiza mkono mpaka kiwiko, Nassra akasukuma, Mansour akasema "bismillah", na bangili zikarudi mahali pake huku zinameremeta kuliko zilivyotoka.

Gari walilichukua siku ya tatu, hati zilipokuwa tayari. Bi Mwatum alikaa mbele, dirisha wazi, mkono wenye bangili juu ya mlango. Hawajatoka Bububu alikuwa ameshaanza.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu haina msingi, mlango wake unafungwa na mwanamke mmoja, na kila siku imehamia mtaa mwengine."

Nassra alishika usukani kwa mikono miwili. Jibu alikuwa amelikalia. Alitabasamu, akatikisa kichwa.

"Nshashindwa, Bibi."

"Umeshindwa? Hilo? Basi nipe mji!"

"Nakupa Muyuni. Lakini leo huusafiri kwa mdomo."

Bi Mwatum alijiweka sawa kitini. Bangili ziligonga mlango, tiki, tiki. Walipopita Darajani alimwambia Nassra apunguze mwendo, na Nassra alipunguza bila ya kuuliza kwa nini. Kificho alikuwa palepale, ameegemea teksi. Aliliona gari, akamwona aliyeshika usukani, akavua kofia.

"Mashaallah, Bi Mwatum! Wapi hiyo safari?"

"Muyuni!"

"Muyuni ipi?"

"Zote mbili!" alisema Bi Mwatum, na Nassra akakanyaga mafuta.