Mwanamke Mwenye Mikono Juu

Numbi alikuwa na vipande kumi na viwili vya jasi, na mwisho wa kuvipanga ni Jumatatu. Vilikuwa nakala za michongo iliyozunguka hekalu la kale la Wagiriki: arusi imevamiwa na walevi nusu mtu nusu farasi, na kila kipande kinasimulia sehemu yake ya vita. Namba za mgongoni mwa vipande zilikuwa zimefutika. Akivipanga vibaya ukutani, karakana ya nakala iliyomchukua kwa majaribio isingemwajiri. Yangeishia hapo.

Jumamosi mkewe Anaïs alimletea chakula, akaja na mama yake, Maman Pétronille. Numbi aliinamisha macho hima. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hawasemeshani. Desturi hiyo ilipanda ndege nao hadi Brussels, tena bila viza. Basi wakasimama wameachana hatua mbili tu, maneno yakipitia kwa Anaïs.

"Anaïs, uliza bwana yako: ule mwanamuke wa mikono juu anafanya nini pale mwisho?"

"Numbi, maman anauliza..."

"Nimesikia, chérie, siko kiziwi. Umwambie analia matanga. Bwana yake ni yule amelala chini."

Kwao Lubumbashi mikono ikienda kichwani ni msiba. Hakuwa na shaka.

Maman Pétronille alisogea, akagusa ukingo wa kipande, pale nguo ya mwanamke ilipokazwa na vidole visivyo na mwenyewe.

"Huyu halii, Anaïs. Angalia miguu, inakwaruza chini. Banamukokota." Sauti ikashuka. "Ile siku ya vita kule Masisi, na mie nilinyanyua mikono hivi. Mwenye alishika kikwembe yangu, nguo ya kiunoni, alikuwa nyuma. Sikumuona."

Anaïs, na miaka yake thelathini, ndiyo kwanza anasikia. Hakufikisha ujumbe huo kwa mtu.

Numbi alifungua skrubu, akakishusha kipande cha mwanamke, akakijaribisha kwa kingine na kingine, hadi mkono wa farasi-mtu ukavipata vidole vyake.

"Umuulize," alisema Maman Pétronille, "kuna muntu mwenye alikuja kumusaidia?"

Numbi alipekua vyote. Kijana mmoja alikuwa anakimbia, joho likipepea nyuma. Akamweka upande wa pili wa mwanamke.

Jumatatu mkuu wa karakana alipitisha kidole kwenye kiungo cha kwanza, akaridhika. Kwenye cha pili akasita.

"Na huyu anayekimbia? Nani kakwambia anakaa hapa?"

"Hakuna, chef. Lakini hakuna pia mwenye kusema hakai."

Mkuu alichukua bisibisi, akakaza skrubu za kijana wa jasi kwa mkono wake mwenyewe.